Mashavu ya Sato (11)

Kijiko kilianguka sakafuni, na watalii wa meza ya jirani wakageuka wote.

Maximiliana hakukiokota. Mchuzi ulikuwa bado mdomoni, na alikuwa hawezi kuumeza wala kuutema.

"Vipi, pilipili?" Joakim alimuuliza huku akicheka. "Nilikwambia Wathai hawana huruma. Kunywa maji."

Haikuwa pilipili. Laiti ingekuwa pilipili!

Wewe uliyekosa gazeti la wiki iliyopita, usihangaike, sogea nikumegee. Huyu ni Maximiliana, fundi cherehani wa Bariadi, mama wa mtoto mmoja aitwaye Nkinda. Miaka sita iliyopita mume wake Fabian na Paschal, kaka yake Maximiliana, waliingia ziwani hapa hapa Lamadi kwa mtumbwi mmoja, upepo ukawapindua. Paschal aliokotwa ufukweni akazikwa. Fabian hakuonekana, na wazee wa kwao Kiloleli wakaona msiba usikae njiani: wakachimba kaburi, wakazika shati lake. Maximiliana akanyolewa nywele, akaanza kuitwa mjane.

Sasa anaolewa na Joakim, wakala wa pamba wa Maswa. Joakim aliwahi kumposa zamani kabla ya Fabian, na Paschal ndiye aliyewarudisha ng'ombe wake. Hakuweka kinyongo. Kwenye matanga alileta turubai, sukari na kuni, na tangu siku ile hajawahi kumwacha mjane yule akose kitu. Harusi ni Jumamosi ijayo. Kesho Jumapili Padri anasoma tangazo la tatu na la mwisho: anayejua kizuizi cha ndoa hii aseme.

Leo wametoka Mwanza kuchukua shela, maana fundi hajishonei la kwake, wanasema ni mkosi. Na Joakim amekataa katakata kuipita Lamadi bila kula kwa Madamu Malee, ule mgahawa wa Kithai ambao watalii wanaotoka Serengeti huuulizia hata kabla ya kuulizia pa kulala.

Tumekwenda sawa? Haya, turudi mezani, samaki anapoa.

Mchuzi ule ulikuwa wa ukwaju, ambao Wasukuma wanauita bushishi. Ukwaju wenyewe si ajabu, Wathai nao wanaupikia samaki. Ajabu ilikuwa uzito wake. Mtu alikuwa amechukua michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa juani, akaikaanga kavu mpaka ikanukia, akaitwanga, akaikorogea mchuzini. Duniani kote Maximiliana alimjua mtu mmoja tu wa kufanya hivyo. Wanaume wenzake wa Kiloleli walikuwa wakimcheka kwa kushinda jikoni na mama yake.

Mtu huyo alikuwa amezikwa shati.

"Dada," alimwita mhudumu, binti aliyebandika jina la Winnie kifuani. "Samaki huyu kapikwa na nani?"

"Na Madamu mwenyewe, mama. Mapishi hayo katoka nayo kwao Thailand."

"Thailand kuna michembe?"

Winnie alikwenda jikoni kuuliza. Joakim aliendelea kula. Alikuwa akila kwa utaratibu, anatoa miiba, anaipanga pembeni ya sahani.

Aliyetoka jikoni alikuwa mwanamke mfupi mwenye mvi, kajifunga kanga juu ya suruali.

"Mwadila, mayu!" alisalimia kwa Kisukuma safi kabisa.

"Mwadila," Maximiliana aliitikia.

"Chakula kibaya?"

"Chakula kizuri mno. Nauliza mchuzi."

Madamu Malee alicheka. "Mchuzi huo ndio umeniletea watu wa magazeti mpaka hapa, na si wangu! Kwetu tunatia sukari ya mnazi. Siku moja iliniishia, msaidizi wangu akaniletea viazi vikavu. Tuligombana sana. Halafu nikaona wageni wanalamba sahani, nikanyamaza."

"Msaidizi wako anaitwaje?"

"Nyanda."

Maximiliana alishusha pumzi. Nyanda! Ukisimama katikati ya mnada wa ng'ombe Bariadi ukaita Nyanda, nusu ya mnada itakuitika. Alijiona mjinga. Alijiona mwanamke mbaya, wiki moja kabla ya harusi anatafuta marehemu ndani ya bakuli.

"Umesikia?" alimwambia Joakim, akijilazimisha kutabasamu. "Ni Nyanda tu."

Joakim aliweka mwiba mwingine pembeni. Hakuuliza hata kwa nini jina la mpishi lilikuwa na umuhimu wowote.

Madamu alirudi jikoni. Kidogo hivi Winnie akaja na sahani nyingine ambayo hakuna aliyeiagiza. Katikati hapakuwa na kitu. Ukingoni tu palikuwa na vipande viwili vidogo vyeupe vya nyama ya samaki, kimoja huku na kimoja huku.

"Jikoni wamesema hii ni ya mama," Winnie alisema, naye akishangaa.

Yalikuwa mashavu ya sato.

Msomaji, kuna wanaume wanaowapa wake zao kanga, na kuna wanaowapa maneno. Fabian alikuwa akimpa mke wake mashavu ya samaki. Tangu siku ya kwanza ya ndoa yao, kabla hajatia mkono wake kwenye mboga, alikuwa akiyachomoa mashavu yale laini na kuyaweka ukingoni mwa sahani ya mkewe, moja huku na moja huku. Hakuwahi kusema kwa nini, na mkewe hakuwahi kuuliza. Hilo halikujulikana kwa ndugu, wala kwa jirani, wala kwa Padri.

Machozi yalimtoka Maximiliana hata kabla hajajua kwamba analia. Alisimama. Kiti kilianguka nyuma yake.

Joakim hakumuuliza anakwenda wapi. Alimtazama mara moja tu, akainamia sahani yake.

"Nenda," alisema.

* * *

Jikoni kulikuwa na moshi wa pilipili unaokaba koo. Mwanaume mmoja alisimama kwenye ubao wa kukatia, kampa mgongo, kisu mkononi. Mbele yake palikuwa na kile kidirisha cha kupitishia sahani, na kupitia kidirisha kile ilionekana meza moja vizuri kuliko zote. Ilikuwa meza yao.

"Baba Nkinda," Maximiliana aliita.

Kisu kilisimama.

"Umenenepa kidogo," mwanaume alisema bila kugeuka. "Imekupendeza."

Jamani! Miaka sita mtu yuko kaburini, na hilo ndilo neno lake la kwanza!

Maximiliana alimshika bega, akamgeuza, akamchapa kofi ambalo Madamu Malee alilisikia kutoka stoo. Alinyanyua mkono kumchapa la pili. Mkono ukamsaliti, ukatua pale pale kwenye shavu lililopigwa, ukabaki hapo.

"Una joto," alisema. Alikuwa akilia sasa kwa sauti. "Una joto, Fabian. Una joto!"

Fabian naye alikuwa analia, kimya kimya, kichwa kikitikisika.

"Nilinyolewa kichwa kwa ajili yako."

"Najua."

"Kila mwezi wa Novemba, siku ya Marehemu Wote, nampeleka mwanao Kiloleli kupalilia kaburi lako. Anapalilia shati! Anakupigia magoti, anakuombea, anakuuliza kama huko uliko kuna mpira. Kumbe wewe uko hapa unakaanga samaki!"

"Mama Nkinda, nisikilize kwanza."

"Sema. Na useme kitu kitakachonitosha."

Fabian alifuta mikono kwenye aproni, akafuta tena, ingawa ilikuwa mikavu. Alisema akitazama chini.

"Mtumbwi ulipopinduka tulipata dumu moja. Mimi nilikumbatia dumu, Paschal nikamshika mkono. Tulikaa hivyo usiku kucha. Yeye alikuwa ananiimbia nyimbo za kanisani ili nisilale, unamjua kaka yako alivyokuwa. Halafu baridi ikanizidi, sikujielewa tena. Nilipozinduka nilikuwa ndani ya mtumbwi wa watu, kumekucha. Nikauliza, Paschal yuko wapi? Nikaambiwa nilikutwa peke yangu."

Aliinua mkono wake wa kulia, akautazama.

"Nilimwachia, Maksi. Kaka yako alinishikilia kwa nyimbo usiku mzima, na mimi nilimwachia mkono. Wewe na yeye mlilelewa bila baba, yeye ndiye aliyekusomesha ufundi. Ningerudi kwako na mkono gani? Ningekushika nao vipi?"

Maximiliana alijiegemeza ukutani. Alimwona Paschal. Alimwona anaimba gizani na meno yanagongana kwa baridi. Mama yao alikufa mwaka uliofuata, na mpaka dakika ya mwisho alikuwa akiuliza kama Paschal amesharudi kutoka ziwani.

"Ungerudi nao huo huo," alisema hatimaye, taratibu. "Kaka yangu nilimzika, Fabian. Nilimwona, nilimlilia, nilimwachia Mungu. Mkono ningekusamehe, maana ziwa si la mtu. Lakini uliniacha nikazika shati. Shati sitakusamehe."

Fabian aliinamisha kichwa kama mtu aliyesomewa hukumu aliyokuwa akiijua.

"Unampenda?" aliuliza. "Yule uliyekuja naye."

"Kabla ya kijiko cha kwanza nilikuwa nampenda. Sasa sijui hata jina langu."

"Basi lipo jambo jingine unatakiwa kulijua, mama Nkinda. Mimi nilikuwa nimeapa nisiseme, naye aliapa. Lakini kwa kuwa amekuleta mwenyewe, nadhani kiapo kimeisha."

Alinyoosha kidole kwenye kidirisha. Kule mezani Joakim alikuwa akitoa mwiba, anaupanga na wenzake.

"Huyo ndiye aliyenitoa majini."

* * *

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na Maximiliana alikuwa ameshapimwa shela la kuolewa na kikulacho chenyewe.

Alirudi mezani. Alikiinua kiti, akaketi. Watalii walikuwa wameacha kula, wanajifanya kutazama picha za ukutani.

"Wakati ule ulikuwa bado unanunua dagaa," alisema. "Ulikuwa na mtumbwi wa injini."

"Ndiyo."

"Ulimtoa majini alfajiri, na baada ya siku chache ukaja kwenye matanga yake na turubai."

"Ndiyo."

"Ukakaa pale. Ukaniona nagaagaa chini."

"Alinishika miguu, Maksi." Joakim alisema polepole, bila kuinua macho. "Alinishika miguu ndani ya mtumbwi, akaniapisha kwa kaburi la baba yangu kwamba nisimwambie mtu yeyote aliye hai kuwa yeye ni mzima. Mimi ni Msukuma, unajua kaburi la baba ni nini. Nikaapa. Akaniomba niwatazame wewe na mtoto. Nikawatazama."

"Alikuomba utuangalie. Alikuomba unioe?"

"Hapana. Hilo nililitaka mwenyewe."

Alilisema kwa aibu, na kwa upendo pia, na huo upendo ndio uliomuumiza Maximiliana kuliko yote. Angekuwa mtu mwovu ingekuwa rahisi. Lakini huyu ndiye aliyemkalia Nkinda hospitali alipougua malaria, akampepea usiku kucha kwa kofia yake.

"Tangazo la kwanza niliposikia Padri anasoma, nikasema nitazoea," Joakim aliendelea. "La pili lilinikuta nimekaa benchi la mbele. Aliposema anayejua kizuizi, nilihisi kanisa zima linanitazama mimi. Na kesho ni la tatu. Sikuweza."

"Kwa hiyo ukaniletea habari kwa samaki! Huna mdomo?"

"Mdomo ulikula kiapo. Niliapa nisiseme." Joakim alichomoa mwiba mwingine, akaupanga. "Sikuapa nisikulete kula."

Maximiliana alicheka, kicheko kibaya kisicho na furaha. Ndivyo wanaume hawa wawili walivyokuwa. Mmoja alikufa ili asimtazame usoni. Mwingine aliulinda ulimi wake miaka sita kwa kuogopa kaburi la baba yake, akauvunja moyo wa mwanamke aliye hai. Na katikati yao yeye, fundi cherehani, ameshona magauni ya harusi ya nusu ya Bariadi, amekaa na shela ndani ya gari na waume wawili ndani ya mgahawa mmoja.

Kesho Padri atauliza. Maximiliana akinyamaza, ataolewa na mtu anayempenda huku mume wake akikaanga samaki Lamadi, na dhambi hiyo itakuwa yake. Akisema, Nkinda atampata baba aliyemtupa, na atampoteza baba aliyempepea. Popote atakapokanyaga, mtoto ataumia.

Alivuta ile sahani iliyo tupu katikati. Alichukua shavu moja la sato kwa vidole, akalitia mdomoni. Lilikuwa limepoa. Lilikuwa vilevile.

Alilia huku anatafuna, na hakujali tena nani anamwona.

Simu yake ikaita.

Jina lililotokea lilikuwa la Esteria, mama yake Fabian, kule Kiloleli. Yule bibi ambaye siku ya matanga, wakati ukoo mzima ulipopangwa mstari kunyolewa, alikataa wembe usiguse kichwa chake. Watu walisema uchungu wa mwana umemchanganya. Maximiliana mwenyewe alimwonea huruma sana siku ile.

Alipokea.

"Ng'wanawane," sauti ya bibi ilisema. "Mwanangu, mmeshakula?"

Maximiliana aliikaza simu sikioni. "Nani kakwambia tuko kwenye kula, mama?"

"Joakim alipita jana kuniaga, akasema leo anakuleta huko." Bibi alishusha sauti. "Bushishi ilikolea? Michembe ya safari hii haikukauka vizuri, mvua ilinisumbua."

Kule jikoni uso wa Fabian ulikuwa kwenye kidirisha.

"Michembe ni yako," Maximiliana alisema.

"Tangu aliponitumia salamu kwamba yu hai, namkaushia mimi; mama hawezi kumwacha mwanawe ale viazi vya sokoni."

"Kwa hiyo ulijua. Ndiyo maana ulikataa kunyolewa."

"Ningenyolewa vipi, mwanangu, na mimi sikuwa na msiba?"

"Mama." Aligusa nywele zake kwa vidole. "Mama, siku ile nilikuwa natetemeka, wembe ukawa unanikata. Ukaja ukakaa nyuma yangu. Ukanishika kichwa kwa mikono yako miwili mpaka wakamaliza kuninyoa. Ulikuwa unajua?"

Ilisikika pumzi ya bibi Esteria, na jogoo wa Kiloleli.

"Nilikuwa najua," alisema. "Na mikono hii haijapata usingizi tangu siku ile. Nitakuomba msamaha nikiwa nimepiga magoti mbele yako, si kwa simu. Lakini nilichokupigia leo si hicho."

"Kuna nini kingine kilichobaki, mama? Mmebakiza nini?"

"Uko peke yako?"

"Niko na Joakim."

"Basi usiseme kitu, sikiliza tu. Jana Joakim alipoondoka, alikuja mzee mmoja wa Lamadi, Sylvester. Ndiye aliyekuwa akimwendeshea Joakim mtumbwi enzi za dagaa. Alikuwa naye alfajiri ile. Ni mgonjwa sana, hana muda, na amesema hataki kufa nalo. Ng'wanawane, mwanangu mimi amejichukia miaka sita kwa neno aliloambiwa. Yeye mwenyewe hakumbuki kumwachia Paschal mkono. Aliambiwa tu kwamba alikutwa peke yake."

Maximiliana aliinua macho polepole.

"Muulize huyo uliyeketi naye," bibi alisema, naye sasa analia. "Muulize, mtumbwi wake ulipofika pale, kulikuwa na watu wangapi majini. Na muulize ni nani kati yao aliyekuwa bado anaimba."

Tangu mchana ule uanze, Joakim alikuwa hajaacha kula. Sasa, sauti ya bibi ilipomfikia, mkono wake ulikuwa umesimama hewani, na mwiba mmoja kati ya vidole viwili, hajui auweke wapi.